Gari Lililopita Mikono Mingi



Kila shule zinapokaribia kufunguliwa, mazungumzo ya magari huongezeka majumbani mwetu, na sababu yake haifichiki. Watoto watatu wa nyumba moja wakiwa katika shule mbili, jioni waende chuoni, na nyanya yao awe na miadi ya hospitali kila mwezi, nauli za tuktuk na matatu hukusanywa hesabu ikaonekana kuwa ni sehemu kubwa ya bei ya gari. Hapo ndipo mama anapofungua sanduku akatoa bangili alizotunzwa siku ya harusi, akazipeleka kwa sonara. Baba naye akachota akiba yake. Na wenzake mama katika chama wakamkubalia kuchukua zamu yake mapema. Fedha zikishapatikana, hatokosekani mtu wa kusema: pana gari zuri mahali, bei yake iko chini ya soko, lilikuwa la kampuni. Leo tutalizungumzia neno hilo, "lilikuwa la kampuni", kwani ndani yake mna kheri na mna shari, na kuyatenganisha hayo mawili ni kazi ya mnunuzi kabla hajatoa shilingi yake ya kwanza.

Kwanza, kampuni si kitu kimoja. Gari la afisa wa mauzo anayezunguka na sampuli za sabuni kati ya Mombasa na Malindi ni la kampuni. Gari linalokodishwa kwa mgeni wa Diani aliendeshe mwenyewe kwa siku nne, kisha likapewa mwingine, na mwingine tena, nalo ni la kampuni. Basi dogo linalowapeleka watalii Tsavo, gari la shirika la misaada lililozoea njia za kaskazini, teksi inayoitwa kwa simu, na hata gari la serikali lenye namba za GK linalopigwa mnada baada ya kukaa mwaka mzima chini ya mwarobaini, yote yanaingia katika neno hilo hilo. Maisha ya magari hayo hayalingani hata kidogo. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si "lilikuwa la nani?" bali ni "lilikuwa likifanya kazi gani, na likiendeshwa na nani?"

Hebu tupige hesabu nyepesi. Familia inayopeleka watoto shule, sokoni na kwa jamaa, tuseme huenda kilomita 30 kwa siku. Kwa mwaka ni kama kilomita 11,000. Teksi inayotafuta riziki mjini, tuseme huenda kilomita 200 kwa siku, siku 26 za mwezi. Hizo ni kilomita 5,200 kwa mwezi, na 62,400 kwa mwaka. Magari mawili ya rangi moja na mwaka mmoja, yaliyoanza kazi siku moja, baada ya miaka minne moja lina chini ya kilomita 44,000 na jengine linakaribia 250,000. Nje yameoshwa, yamepakwa nta, yamewekwa mikeka mipya, na ukiyatazama ni pacha. Ukiambiwa kwamba teksi ya miaka minne ina kilomita 60,000 tu, basi ama haikuwa teksi, ama mita imerudishwa nyuma. Kurudisha mita si kazi ngumu siku hizi, hufanywa kwa kompyuta ndogo.

Na hata mita ikisema kweli, haisemi yote. Gari likiwa katika foleni ya kivuko cha Likoni, injini inanguruma na kipozahewa kinafanya kazi, kilomita haziongezeki hata moja. Injini lakini inachakaa, oili inazeeka, na feni ya rejeta inazunguka katika jua la adhuhuri. Gari la hoteli linalovuka Likoni mara nne kwa siku limefanya saa nyingi za kazi zisizoandikwa popote. Ndiyo maana fundi mwenye busara huuliza pia lilikuwa likizunguka wapi.

Katika makundi yote hayo, ninaloliogopea zaidi ni gari la kukodishwa ambalo mpangaji huendesha mwenyewe. Aliyelikodi kwa siku tatu hana haja ya kulipasha moto asubuhi, wala hapunguzi mwendo kwenye matuta, wala halimuumi akisikia mlio mpya chini. Giaboksi ya automatiki huingizwa gia ya kurudi nyuma kabla gari halijasimama. Likigonga ukuta wa maegesho, hupelekwa kwa fundi wa bei nafuu likapakwa rangi usiku ili asubuhi likabidhiwe kabla mwenyewe hajajua. Gari la afisa mmoja wa mauzo, kwa upande mwingine, ijapokuwa limekwenda mbali, limekaa na mkono mmoja, limekwenda barabara kuu zaidi ya mitaani, na dereva wake aliulizwa kila mwisho wa mwezi. Kilomita 150,000 za barabara ya Mombasa–Malindi kwa dereva mmoja ni nyepesi kuliko 80,000 za madereva mia.

Tusiyadhulumu magari haya lakini. Liko jambo moja ambalo gari la kampuni iliyopangika hulishinda gari la mtu binafsi, nalo ni daftari. Kampuni inayojali mali yake hubadilisha oili kwa ratiba, huandika tarehe na kilomita, na huhifadhi ankara za gereji kwa sababu mhasibu anazitaka. Wengi wetu majumbani hubadilisha oili tukikumbuka. Basi ukiambiwa gari lilikuwa la kampuni, omba daftari la matengenezo na ankara zake. Zikiletwa, zisome kwa mfuatano: kilomita zinapanda kila ankara, au kuna mahali zimeshuka? Breki zilibadilishwa lini? Giaboksi imewahi kufunguliwa? Zisipoletwa, na muuzaji akasema zilipotea ofisi ilipohama, basi ile faida pekee ya gari la kampuni imekwisha ondoka, na bei nayo haina budi kushuka.

Wapo watakaosema: sisi hatununui gari la hapa, tunanunua lililotoka bandarini juzi. Hilo nalo lina kampuni zake. Kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na mengi ya magari hayo hutoka Japani, ambako makampuni ya kukodisha huuza magari yao kwenye minada baada ya miaka michache. Huko Japani gari la kukodisha hujulikana kwa namba yake: herufi ya Kijapani iliyo kwenye kibao husomwa "wa" au "re". Namba ya Kijapani huondolewa gari linaposafirishwa, lakini karatasi ya mnada huwa na mahali pa kuonyesha historia ya gari, kama lilikuwa la mtu binafsi au la kukodisha. Karatasi hiyo hiyo hutaja kilomita na daraja la gari. Daraja la R au RA maana yake ni kwamba liligongwa likatengenezwa. Muuzaji wa yadi aliyelinunua mnadani anaweza kukupatia nakala yake. Akiwa nayo na hataki kukuonyesha, jiulize kwa nini. Tafsiri nayo usimwachie yeye peke yake. Kijapani kinasomeka siku hizi kwa kamera ya simu.

Hapa kuna jambo litakalowashangaza baadhi yenu. Kwa sheria za Japani, gari dogo jipya la mtu binafsi hukaguliwa kwa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili. La kukodisha hukaguliwa baada ya miaka miwili, kisha kila mwaka. Kwa hiyo gari la kukodisha la Japani hutazamwa na wakaguzi mara nyingi zaidi kuliko la mtu binafsi, na si haki kulikimbia kwa jina tu. Mimi ningelichagua hilo lenye karatasi zake kamili kabla ya gari la hapa la kukodisha lisilo na karatasi hata moja.

Na kwa wale wanaopenda magari makubwa yanayotoka Uingereza, mjue kwamba mita zake huhesabu maili. Ukisoma 60,000 hapo, ni takriban kilomita 96,500. Uingereza ina jambo zuri: ukiwa na namba ya usajili ya kule, unaweza kutazama bila malipo katika mtandao wa serikali yao ukaguzi wa kila mwaka wa gari hilo, pamoja na maili zilizosomwa siku ya ukaguzi. Mwombe muuzaji namba hiyo.

Sasa tuingie ndani ya gari. Nendeni mchana, si jioni baada ya Maghribi, wala si siku ya mvua, kwani rangi iliyolowa huficha mengi. Mtazameni fundi wenu, si fundi wa yadi. Anzeni kwa miguu ya dereva: mpira wa pedeli ya breki uliolika hadi ukalainika hautangamani na kilomita 40,000. Shikeni usukani, upande wa kushoto na wa kulia, muone kama umekuwa laini na wa kung'aa. Bonyezeni ukingo wa kiti cha dereva, pale anapojikokota kuingia na kutoka mara arobaini kwa siku. Kisha viti vya nyuma: gari la familia huchakaa mbele, nyuma pakawa na makombo ya biskuti, teksi huchakaa nyuma vilevile, na mikanda ya nyuma huwa imelegea kwa kuvutwavutwa. Vutani mkanda wote hadi mwisho, maana mwisho wake husafishwa kwa nadra, na hapo ndipo uchafu na alama ya maji ya mafuriko hubakia.

Tafuteni alama za kazi ya zamani. Karatasi za matangazo zilizobandikwa milangoni zikiondolewa, rangi iliyokuwa chini yake huwa mpya kuliko ya pembeni. Inameni mtazame kwa mshazari, mtaona kivuli cha herufi. Vishimo vidogo kwenye dashibodi ni mahali pa redio ya mawasiliano au pa simu ya dereva. Nyaya zilizokatwa chini ya usukani huenda zikawa za kidhibiti mwendo, ambacho sheria yetu huyataka magari ya abiria na ya biashara yawe nacho. Mstari mwembamba wa rangi tofauti ubavuni huenda ukawa ni ule wa manjano uliofutwa. Na gari la safari za mbugani halijifichi: inueni zulia, fungueni mlango wa nyuma mtazame kwenye bawaba, mtakuta vumbi jekundu la Tsavo ambalo hakuna maji ya kuosha yaliyolifikia. Paa lake la kufunguka nalo limwagiwe maji, muone kama halivuji.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Gari lililolala miaka ufukweni mwa hoteli huliwa na kutu kuanzia chini, mahali ambapo mnunuzi haoni. Lipandisheni kwenye shimo la gereji, fundi agonge chesisi kwa nyundo ndogo asikilize. Rangi nyeusi mbichi iliyopakwa chini yote hivi karibuni ni jambo la kutiliwa shaka.

Tairi nazo zina tarehe. Ubavuni kuna tarakimu nne za mwisho katika duara dogo: 2319, mathalani, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nne za miaka minne tofauti katika gari linalosemwa halijafika mbali zinaeleza habari yake wazi.

Nina neno na dada zangu hasa. Mkienda yadini, muuzaji aghlabu humwelekea mume au kaka, hata kama bangili zilizouzwa ni zenu. Ulizeni nyinyi. Na msighurike na maneno "lilikuwa la mama", au "liliendeshwa na daktari wa kike". Wauzaji wamegundua kwamba jina la mwanamke ni nta nzuri kuliko ya dukani. Bibi mmoja wa makamo nilimsikia akimjibu kijana vizuri sana. Kijana alimwambia, "Mama, hili lilikuwa la bibi mmoja wa Nyali, halijatoka nje ya mji." Naye akasema kwa upole, "Alhamdulillahi, mwanangu. Basi nipe logibuku nilione jina lake." Logibuku ilikuwa na jina la kampuni.

Hapo tumefika kwenye haki. Muuzaji Muislamu hajahitaji kufundishwa na safu hii kwamba Mtume (s.a.w.) alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni, vidole vikakuta unyevu chini, akamkemea mwenye mali kwa kuuficha. Swali lenye mjadala ni hili: je, kuwa gari la kukodisha ni aibu ya bidhaa? Mafakihi wanasema aibu ni kile kinachopunguza thamani ya kitu kwa desturi ya wafanyao biashara hiyo. Ukimwuliza dalali yeyote wa Mombasa kama atatoa bei moja kwa gari la familia na kwa lililokuwa likikodishwa, atacheka. Basi maadamu bei inashuka, kwa maoni yangu ni jambo la kutajwa, hata mnunuzi asipouliza. Na lile neno "nakuuzia kama lilivyo" lisimdanganye muuzaji: kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, halimwondolei dhima ya aibu aliyokuwa akiijua akainyamazia.

Sharia imempa mnunuzi mlango mwingine ambao hautumiki ipasavyo. Wanunuzi na wauzaji wanaweza kukubaliana sharti la khiyari, lisilozidi siku tatu kwa Shafi, ambapo mnunuzi ana haki ya kurudisha. Siku tatu zinatosha gari kupelekwa kwa fundi, kuunganishwa na mashine inayosoma kompyuta yake, na kuendeshwa hadi Mariakani na kurudi likiwa na watu watano na kipozahewa kimewashwa, kwani giaboksi mbovu hujificha kwenye tambarare na kujitokeza kwenye mlima. Liandikeni sharti hilo kwenye karatasi ya mauziano. Muuzaji akikataa, mna haki ya kukataa pia.

Makaratasi niyapitie kwa haraka. Kupitia eCitizen, kwa ada ndogo, NTSA hutoa taarifa ya mmiliki aliyesajiliwa. Ifanyeni nyinyi wenyewe, msikubali picha iliyotumwa kwa simu. Mmiliki akiwa ni kampuni, anayeuza aonyeshe idhini ya kampuni kwa maandishi, kwani dereva na meneja si wamiliki. Magari ya biashara mengi hununuliwa kwa mkopo, na benki huandikwa pamoja na mwenye gari. Hakikisheni benki imejitoa. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana juu ya Mali Inayohamishika ya 2017, iko pia rejista ya dhamana inayoweza kutafutwa. Malipo yaende kwenye akaunti ya kampuni yenyewe. Na uhamisho wa jina usicheleweshwe, kwa sababu Sheria ya Trafiki, kifungu cha 8, humhesabu aliyeandikwa jina kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vingine. Kifungu hicho kinamhusu pia mama aliyeuza bangili zake: fedha ni zake kwa sharia, na jina lake liwemo kwenye logibuku kwa kadiri ya alichotoa, yakubaliwe hayo kabla ya kununua, wala si baada ya ugomvi.

Bima nayo ibadilishwe siku hiyo hiyo. Gari lililokuwa na bima ya biashara lisitembee na familia kwa cheti cha mwenyewe wa zamani.

Limebaki jambo moja ambalo nadra husemwa. Magari mengi ya kukodisha na ya makampuni hufungwa kifaa cha kufuatilia, na baadhi yake kinaweza kuzima injini kwa ujumbe wa simu. Gari likiuzwa, kifaa hubaki, na akaunti hubaki kwa mwenyewe wa zamani. Maana yake ni kwamba mtu msiyemjua, ofisini asikojulikana, anaweza kuona kila siku mama ameegesha wapi, ametoka saa ngapi, na watoto wanasoma shule gani. Kadhalika funguo: gari lililopita kwa madereva kumi huenda limechongewa funguo kumi. Mwambieni muuzaji aandike kwamba kifaa kimeondolewa au akaunti imehamishwa, na kabla gari halijalala nyumbani usiku wa kwanza, fundi wa umeme wa magari alifungue chini ya dashibodi, nyuma ya redio na chini ya kiti cha nyuma, akitoe na kuwaonyesha mkononi. Kisha vitasa vibadilishwe, au funguo za kompyuta zifutwe zote na kusajiliwa mbili tu, moja ya mama na moja ya baba.